Jinsi ya Kumaliza Raundi ya Gofu ya Visahani Kwenye Uwanja wa Milima: Mwongozo Kamili

Gofu ya visahani ni mchezo wa kurusha kisahani kutoka sakafu ya kurushia hadi kwenye kikapu cha minyororo kwa mitupo michache iwezekanavyo; kila kikapu na njia yake huitwa shimo. Maswali ninayoulizwa kuhusu mchezo huu yanafanana sana. Mtu amejifunza kwenye bustani tambarare, anarusha vizuri, marafiki wanamsifu. Siku anayopanda uwanja wa milimani mambo yanageuka: kabla ya nusu ya raundi ameshapoteza visahani viwili, mapaja yanawaka moto, na kila mtupo unaishia vichakani upande wa kushoto.

Wengi wanadhani wamepungukiwa nguvu. Sivyo. Wanarusha kana kwamba ardhi iko sawa. Kwenye tambarare unajiuliza kisahani kitafika wapi. Mlimani unajiuliza kitalala wapi, na swali hilo ndilo linaloamua ushike kisahani gani, usimame vipi na ulenge nini.

Mifano yangu mingi inatoka De Laveaga, uwanja wa umma ulioko Santa Cruz, California. Uko ndani ya bustani ya mji, kwenye vilima vyenye mialoni, mabonde ya ghafla na mizizi iliyotokeza juu ya udongo. Kiangazi ardhi yake hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na kisahani kikiangukia ukingo hubingirika hadi bondeni. Ukiweza kucheza pale, viwanja vingi vya milima havitakushinda.

Maelezo ya mitupo hapa chini ni ya mtu wa mkono wa kulia anayerusha mtupo wa kawaida, ule wa kuvuta kisahani kutoka upande wa kifua. Mtupo huo humalizia kwa kukata kushoto. Wewe wa mkono wa kushoto, badilisha kushoto iwe kulia na kulia iwe kushoto.

## Vitu vya kubeba

Visahani vitatu au vinne, basi. Kimoja cha karibu, yaani puta. Kimoja cha kati. Na kimoja cha mbali chenye kasi ya wastani. Juu ya visahani vingi utaona namba nne: kasi, kuelea, kugeuka kulia na kukata kushoto. Kwa mfano, Innova Leopard ni 6, 5, -2, 1, Discraft Buzzz ni 5, 4, -1, 1, na Innova Aviar ya puta ni 2, 3, 0, 1. Hivyo vitatu vinatosha kabisa kumaliza raundi.

Visahani vya kasi 11 na kuendelea viache nyumbani. Vinahitaji mkono wenye kasi kubwa. Bila kasi hiyo vinakata kushoto mapema, na mlimani kushoto mara nyingi ni korongo. Ushauri huu hupuuzwa kuliko yote ninayotoa, na ndio unaowagharimu watu visahani vingi zaidi.

Rangi inayoonekana. Chagua waridi kali, chungwa au buluu ya kung'aa. Kijani kinapotea msituni wakati wowote, na njano, ambayo dukani inavutia macho, hufichika kwenye nyasi kavu za California.

Kalamu ya wino usiofutika. Andika namba yako ya simu upande wa chini wa kila kisahani. Wachezaji wengi wakikuta kisahani chenye namba hupiga simu.

Viatu vyenye meno. Viatu vya kupandia milima au vya kukimbilia porini vinafaa. Raba zenye soli laini zitakuangusha kwenye vumbi la mteremko.

Suruali ndefu na soksi ndefu. Sababu ni mmea ambao wenyeji huuita poison oak. Majani yake hukaa matatu matatu, hung'aa kwa mafuta, na kuelekea mwisho wa kiangazi huwa mekundu. Mafuta hayo huwasha na kutoa malengelenge. De Laveaga umejaa kandokando ya njia.

Maji lita 2 kwa mtu, taulo dogo, kitu cha kutafuna, na kisahani kidogo cha kuwekea alama. Ongeza ramani ya uwanja kwenye simu. Programu ya UDisc inayo, na itakusaidia kwa sababu milimani kikapu kinachofuata mara nyingi hakionekani.

Muda. Watu wanne wanaoanza wajiwekee saa tatu kwa mashimo 18. De Laveaga ina mashimo zaidi ya hayo, na hulazimiki kuyamaliza yote siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Soma kibao, kisha hesabu umbali wa kweli

Kwenye kila sakafu ya kurushia kuna kibao kinachoonyesha namba ya shimo, umbali na umbo la njia. Marekani umbali huandikwa kwa futi. Zidisha kwa 0.3 upate mita: futi 300 ni takriban mita 90.

Sasa ongeza mlima. Kanuni inayotumiwa na wachezaji wengi ni hii: kila mita 1 ya kupanda, ongeza mita 3 za umbali, kila mita 1 ya kushuka, punguza mita 3. Shimo la mita 75 linalopanda mita 8 linachezwa kama shimo la mita 99. Kama mtupo wako mzuri hufika mita 55, huwezi kulifikia kwa mtupo mmoja, na ukilijua hilo mapema hutajikamua bure.

Kisha chagua mahali pa kutua. Usilenge kikapu. Tafuta kipande cha ardhi kilicho sawa, hata kama kiko mita 40 tu mbele yako, na ujiulize kutoka pale utarusha vipi mara ya pili.

*Umefanikiwa ukiweza* kumwambia mwenzako, kabla ya kurusha, mti gani unaulenga na kisahani kitatua wapi.

## Hatua ya 2: Hakikisha hakuna mtu mbele

Kisahani kina uzito wa gramu 150 hadi 180 na ukingo mgumu. Kikimpata mtu kichwani ni jeraha.

Kwenye tambarare macho yanatosha. Mlimani njia hupotea nyuma ya mgongo wa kilima, kwa hiyo mtumeni mmoja wenu asimame juu, pembeni ya njia, akuonyeshe kwa mkono kwamba ni salama. Huyo huyo ataona kisahani kimeangukia wapi, na atawapunguzia muda wa kutafuta.

Bustani ya umma ina waenda kwa miguu, watoto na mbwa. Wao wana haki ya kupita kwanza. Kisahani kikielekea kwa mtu, piga kelele "Fore!" kwa sauti yako yote bila aibu, maana ndiyo ilani inayojulikana na kila mchezaji huko. Kundi lililo nyuma yenu likiwa na kasi zaidi, lipisheni.

## Hatua ya 3: Kurusha kwenda chini

Hapa ndipo watu hupata furaha na hasara kwa pamoja. Shimo la 27 la De Laveaga linaitwa Top of the World: unasimama kwenye mgongo wa kilima, Ghuba ya Monterey inaonekana kwa mbali, na kikapu kiko chini kabisa, zaidi ya mita 150. Mtu akiona hivyo huvuta pumzi na kurusha kwa nguvu zote, akiinua mkono.

Kinachotokea ni hiki. Mkono ukiinuka, pua ya kisahani, yaani ukingo wake wa mbele, inaangalia juu. Kisahani kinapanda, kinaishiwa kasi hewani, kisha kinakata kushoto kikiwa bado juu sana. Kwa kuwa ardhi iko mbali chini, kina muda mrefu wa kuendelea kukata. Kosa ambalo kwenye tambarare lingekuhamisha mita 5 linakuwa mita 30.

Fanya hivi:

1. Chagua shabaha iliyo chini ya usawa wa macho yako, kama shina la mti, na si anga.
2. Weka uzito kwenye mguu wa mbele na ushushe bega la mbele, mpaka mstari wa mabega uwe sambamba na mteremko.
3. Vuta mkono kwenye mstari huo huo. Kisahani kikae kama sinia ya chai iliyoinamishwa kidogo kuelekea bondeni, pua ikiwa chini.
4. Tumia robo tatu ya nguvu zako. Mlima utaongeza umbali uliobaki.
5. Lenga kulia kidogo kwa kikapu, kwa sababu kukata kushoto kutakuwa kukubwa kuliko ulivyozoea.

Halafu kuna upepo. Chini ya miti hewa inaweza kutulia kabisa huku juu ya kilima upepo ukivuma. Rusha majani makavu machache juu ya kichwa uone yanakokwenda. Upepo wa mbele hukiinua kisahani na kukigeuza kulia. Upepo wa nyuma hukikandamiza na kukifanya kikate kushoto mapema. Santa Cruz upepo wa baharini huzidi mchana, kwa hiyo mashimo ya juu ni bora uyafikie asubuhi.

Onyo: usikimbie kabla ya kurusha kwenye sakafu inayoelekea chini. Hatua moja au mbili za taratibu zinatosha. Vifundo vya miguu na magoti huumia hapa kuliko mahali pengine popote.

*Umefanikiwa ukiona* kisahani kinafuata umbo la mlima, kikiwa juu ya ardhi kwa kimo kinachokaribiana njia nzima, badala ya kupanda na kuning'inia.

## Hatua ya 4: Kurusha kwenda juu

Mlima ukipanda, kisahani hupoteza kasi haraka, na kikipoteza kasi hukata kushoto mapema. Kwa hiyo chagua kinachopenda kugeuka kulia, chenye namba ya tatu iliyo hasi kama -2. Kitasawazishwa na mlima na kwenda moja kwa moja.

Rusha ukiwa umesimama. Mguu wa mbele uko juu kuliko wa nyuma, na mwili hutaka kuegemea nyuma. Ukiuachia, pua itainuka kupita mteremko, na kisahani kitasimama hewani halafu kirudi kwako. Kunja goti la mbele, sogeza kifua mbele, na ulenge ardhi iliyo nusu ya njia, wala si kikapu kilichoko juu.

Mitupo miwili mifupi iliyonyooka ni bora kuliko mmoja mkubwa uliopotea. Kwenye shimo la kupanda la par 3, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mitupo mitatu, kumaliza kwa 4 ni matokeo mazuri kwa mtu anayeanza.

## Hatua ya 5: Mteremko wa pembeni, pale visahani vinapobingirika

Ukiwa na haraka ya kusoma, ruka kingine chochote lakini usiruke hapa.

Kisahani hubingirika kinapogusa ardhi kwa ukingo badala ya tumbo. Kikisha kusimama kwenye ukingo, mteremko unakichukua. Dawa yake ni moja: kisahani kitue kikiwa kimeinama sambamba na ardhi.

Mtupo wako wa kawaida humalizia ukingo wa kushoto ukiwa chini. Fikiria mahali pa kutua.

Ardhi ikishuka kuelekea kushoto, ukingo wa kushoto uko chini na ardhi ya kushoto nayo iko chini. Vinalingana. Kisahani kinalala kwa tumbo, kinateleza kidogo, kinasimama. Ruhusu nafasi ya huo mtelezo kwa kulenga upande wa juu wa kikapu, yaani kulia.

Ardhi ikishuka kuelekea kulia, ukingo wa kushoto ulio chini unagonga ardhi inayoinuka. Kisahani kinasimama wima na kuanza safari ya kwenda bondeni. Watu hubaki wakikitazama na kulaumu bahati, kumbe mtupo ulikuwa na jibu hilo tangu ulipotoka mkononi.

Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kutumia puta na kurusha chini chini, polepole, kikiwa bapa. Puta haikati sana mwishoni, hivyo hutua kwa utulivu. Ya pili ni mtupo wa pembeni, kiganja kikitazama juu na mkono ukija kutoka upande wa nje wa mwili. Huo humalizia kwa kukata kulia, na hivyo ukingo wa kulia unalingana na mteremko. Ya tatu, nayo ni ya busara kuliko zote kwa anayeanza, ni kutua kabla ya mteremko na kukaribia kwa mtupo mfupi.

Ardhi kavu na ngumu huzidisha tatizo. Baada ya mvua, mahali palepale kisahani hukwama kinapoangukia. Uwanja ukiwa mkavu, cheza kwa tahadhari zaidi kuliko unavyodhani inahitajika.

*Umefanikiwa ukisikia* kisahani kikigusa ardhi kwa mkwaruzo wa kuburuzika. Ukisikia "tok!" kavu moja, anza kutazama bondeni.

## Hatua ya 6: Kusimama kwenye ardhi iliyoinama

Unarushia pale kisahani kiliposimama. Weka kisahani kidogo cha alama mbele yake, kwenye mstari wa kuelekea kikapuni, kisha ukiondoe kile kikubwa. Kanuni za PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, zinataka mguu wako mmoja au sehemu nyingine ya mwili iguse eneo la upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 30 nyuma ya alama.

Soma hiyo tena: sehemu nyingine ya mwili. Unaruhusiwa kupiga goti. Kwenye mteremko mkali goti moja chini na mguu mwingine umetanuliwa upande wa bondeni ni msimamo imara sana, na wachezaji wazuri huutumia.

Kabla ya kurusha, fagia vumbi na majani makavu chini ya kiatu, bonyeza mguu uone kama unateleza, na ufanye mwendo wa mkono mara mbili bila kuachia kisahani. Ukiyumba kwenye mazoezi, utayumba kwenye mtupo. Punguza nguvu au badilisha msimamo.

## Hatua ya 7: Kutafuta kisahani

Usigeuke baada ya kurusha vibaya. Hasira humfanya mtu aangalie pembeni, na hapo ndipo kisahani hupotea. Kitazame mpaka kisimame, kisha shika alama mbili kwenye mstari mmoja, kwa mfano mwaloni uliopinda na jiwe lililo nyuma yake. Tembea kwenye mstari huo bila kuuacha.

Kama hukukiona kikisimama, anza kutafuta chini zaidi ya unapodhani kilipo. Angalia mashimo ya kando ya mizizi, sehemu za juu za vigogo vilivyoanguka, na mahali palipojikusanya majani, kwani kinachobingirika huishia huko.

Kwenye mashindano muda wa kutafuta ni dakika 3, kisha unaongezewa mtupo mmoja wa adhabu. Kwenye mchezo wa kirafiki pia mjiwekee kikomo, ili kundi la nyuma lisikwame.

Onyo: kikiingia ndani ya poison oak, kivute nje kwa fimbo na ukifute kwa taulo ambalo hutaligusia uso. Mafuta ya mmea hubaki juu ya plastiki. Korongo likiwa na ukuta wa kubomoka, acha kisahani. Kingine kipo dukani.

## Hatua ya 8: Kumalizia kikapuni

Kikapu cha kawaida kina ukingo ulio takriban sentimita 82 kutoka ardhini, na minyororo juu yake. Ukiwa ndani ya mita 10 hutakiwi kuruka wala kupiga hatua mbele mpaka uwe umesimama imara baada ya kuachia kisahani.

Ukiwa juu ya kikapu: ukikosa, kisahani kinaendelea kuruka wakati ardhi inakimbia chini yake. Mtupo wa mita 7 uliokosa unaweza kukuacha na wa mita 20. Kama huna uhakika, rusha kilale chini ya kikapu, kisha umalizie.

Ukiwa chini ya kikapu: mlima ni ngao yako, kwa kuwa ukikosa kisahani hugonga ardhi karibu. Lenga sehemu ya juu ya minyororo, kwa sababu mitupo ya kupanda hupungua mwishoni.

Kwa hiyo mtupo wa kukaribia uandae hivi tangu mwanzo: ulale upande wa chini wa kikapu, ndani ya mita 5. Mchezaji anayefanya hivyo shimo baada ya shimo humshinda mwenye mkono mrefu.

Jiwekeeni pia ukomo. Mtu akifikisha mitupo 7 kwenye shimo, aandike 7, aokote kisahani na kuendelea. Raundi itasonga na nguvu zitabaki kwa mashimo ya mwisho, ambako miguu ikichoka ndipo watu huteleza. Kunywa maji kila baada ya mashimo mawili, hata kama huna kiu.

## Hatua ya 9: Kabla ya kuingia nyumbani

Osha mikono, vifundo vya miguu na kila ngozi iliyokuwa wazi kwa sabuni na maji ya baridi, mapema iwezekanavyo. Upele wa poison oak huweza kuchelewa siku moja au zaidi, kwa hiyo kutowashwa jioni hakumaanishi kwamba umepona. Kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele kama kuna kupe. Nguo zifuliwe peke yake. Visahani visugue kwa sabuni ya vyombo pande zote mbili, hasa ndani ya ukingo pale vidole vinaposhika, na kamba za viatu pia, maana ndizo mtu hushika kwanza siku inayofuata.